Mhadhiri wa Meza ya Pembeni

Mhadhiri huyu wa mkataba hunywa chai kwenye kibanda cha Phelesia, mbele ya lango la chuo kimoja mjini Migori, kwenye meza ya pembeni. Akifika huning'iniza koti kwenye kiti, hufuta meza kwa leso yake, japo Phelesia ameshaifuta, kisha hupanga kalamu na kompyuta kama meneja wa benki. Wanafunzi huja mmoja mmoja. Aliyefaulu, mhadhiri humsifu kwa sauti ya darasani mpaka wateja wageuke; aliyeanguka humwinamia akamnong'oneza, halafu humwagizia mandazi. Mgeni akiulizia ofisi yake, humjibu kwamba bado inapakwa rangi. Phelesia, ambaye amesikia habari za rangi hiyo tangu mkataba wa kwanza, hugeukia jiko ili acheke.

Jana alikuja mvuvi kutoka Kisegi, kofia mkononi, pamoja na binti yake aliyetaka kuacha masomo. "Japuonj," alisema, akimwita mwalimu kwa Kijaluo, "twende ofisini kwako tuongee." Mkono wa mhadhiri ulisimama juu ya kikombe. Phelesia alisubiri habari za rangi.

"Mzee, sina ofisi," mhadhiri akasema polepole. "Hawajaniajiri kwa kudumu. Hapa ndipo ninapofanyia kazi."

Mvuvi alitazama meza, akatazama kompyuta, akavuta kiti akaketi. "Basi sawa. Mwambie huyu kwa nini wewe hujaacha."

Phelesia akazima redio, maana hilo hata yeye alitaka kulisikia.