Majina Mawili ya Dada Yangu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu Mutua, nayo ni siku mdogo wangu alipopewa jina la mtoto mwingine. Kaa hapo juu ya boksi la dripu, kiti chenyewe kimoja. Nimesikia unataka kuacha kazi ya dirisha la dawa na begi lako umeshalifunga. Magari ya kwenu Mwingi hayakosekani hapa Garissa, ukitaka utapata hata kesho. Lakini hutaondoka ukidhani wewe ndiye uliyemuua Fatuma, huyo mdogo wangu, ilhali mimi nayajua usiyoyajua.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Baba alichunga upande wa Sangailu, na ng'ombe wake walikwisha wote, tukabaki na mbuzi wa kuinuliwa kwa mikono ndipo wasimame. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, nimerudi nyumbani. Kambi ya wakimbizi ya Ifo ilikuwa bado changa, na habari zikatufikia kwamba mkimbizi kule anapimiwa unga na mafuta. Sisi hatukuwa wakimbizi. Tulizaliwa hapa na babu zetu wamezikwa hapa. Lakini unga ulikuwa kule, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo usiniangalie hivyo. Baba aliamua kumpeleka Fatuma, ambaye hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka, kwa mama mmoja mkimbizi aitwaye Hawo. Hawo alikuwa amefiwa na binti yake njiani akikimbia vita. Binti huyo aliitwa Sahra.

Ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, hakupiga kelele. Alingoja baba amalize kumvisha mtoto viatu, kisha akamwambia mbele yetu sote, "Jina si shuka, uazime kwa jirani urudishe ukishafua. Siku huyu mtoto akiugua, tutamwombea kwa jina gani?"

Baba akamjibu, "Mama, akifa kwa njaa hatahitaji jina lolote."

Ayeeyo akanyamaza, nami nikaona baba ameshinda. Ujana, mwanangu, hudhani anayenyamaza ndiye aliyeshindwa. Fatuma akaandikishwa kwa jina la Sahra binti wa Hawo, na chakula chake kikaliwa na nyumba mbili. Simlaumu baba. Tulipona kwa unga ule, na hii mikono iliyokufundisha kazi ilijengwa nao.

Fatuma alikulia huku na huko, mara Ifo, mara kwetu. Akiugua alitibiwa Ifo, kwa sababu huko ndiko alikojulikana. Akiwa msichana mkubwa walimdunga sindano ya penisilini, uso ukavimba hadi macho yakafunga, na pumzi ikaanza kukata. Wakamuwahi. Kompyuta zilipoletwa kule kambini, wakayaingiza yote: Sahra binti wa Hawo, asipewe penisilini wala dawa yoyote ya jamii yake. Yako pale mpaka leo, yameandikwa vizuri kabisa, na hayamsaidii mtu.

Kisha akaolewa hapa mjini na kuanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Alipotaka kitambulisho, hapo ndipo balaa lilipoanza. Alama za vidole vyake, zilizochukuliwa kambini, zilisema yeye ni mkimbizi. Mwanamke mzima, mwenye watoto, hawezi kusajili laini ya simu, hawezi kusafiri kwenda Nairobi bila kushushwa kwenye basi. Alizungushwa ofisi hii na ile hadi viatu vikaisha soli. Hatimaye wakaliondoa jina lake kwenye orodha ya wakimbizi, akapewa kitambulisho cha Fatuma. Siku hiyo hiyo alichoma kila karatasi yenye jina la Sahra, na ile ya penisilini ikiwemo. Akanishika mkono.

"Walaal, dada yangu," akaniambia, "Sahra amekufa. Usimtaje tena popote."

Nikaapa. Ni mdogo wangu, ningefanyaje?

Sasa utaniuliza, Madam, wewe ni mfamasia, hukujua hatari? Nilijua. Lakini mwanangu, hebu elewa tulivyofanya kazi sisi wazee wa dirisha hili. Kabla ya kompyuta, mafaili tulikuwa sisi wenyewe. Daktari akikwaruza karatasi kama kuku aliyekanyaga wino, mimi ndiye niliyeisoma. Nilijua nani ana sukari na haachi kufunga Ramadhani, nani anampa mkwewe dawa zake za presha, nani anadai amemeza na hajameza. Nilijivunia kichwa changu, acha nikwambie. Walipoleta hii mashine nilinuna mwezi mzima. Nikasema tumegeuzwa watu wa kubonyeza na kukabidhi. Halafu ikanionyesha mzee mmoja aliyekuwa akiandikiwa dawa ile ile na madaktari wawili, na mimi mwenye kichwa nilikuwa nimempa zote kwa tabasamu. Hapo nikaacha kununa. Lakini kuhusu Fatuma sikuitaka mashine. Nilimwambia akiugua aje kwangu tu, asiende kwa mwingine. Nikajifanya mimi ndiye faili lake.

Na faili lake likaenda harusini Wajir.

Wewe ulikuwa dirishani. Ulinisimulia mwenyewe, ukilia, na sijasahau neno hata moja. Fatuma alishikwa na kifua mimi nikiwa huko, na daktari alikuwa amemwandikia kapsuli, naye daktari alitazama kioo kile kile cha kompyuta unachotazama wewe. Ukamwambia Fatuma, "Mama, hapa hakuonyeshi aleji yoyote, na hujawahi kutibiwa kwingine. Ni sawa?"

Akasema, "Ni sawa."

Sikiliza kilichokuwa nyuma yake. Jirani aliyemsindikiza ameniambia kwamba kwenye foleni alisimama karani mmoja wa ofisi ya vitambulisho, ameshika karatasi yake ya dawa kama mgonjwa mwingine yeyote. Labda hata hakumtambua Fatuma. Lakini Fatuma alimtambua yeye. Ukamuuliza kwa sauti ya dirishani, ile ya kushinda kelele za foleni, kama amewahi kutibiwa mahali pengine. Aseme nini? Aseme Ifo, anyang'anywe kitambulisho? Wewe ulikuwa umeshamsemea. Mashine ilimletea uongo uliopikwa tayari, naye akaupokea kwa neno moja. Na yeye alichojua ni kwamba sindano ya Ifo ilitaka kumuua. Kwamba kapsuli ya rangi mbili ni ndugu wa sindano ile, angelijuaje hilo muuza maziwa?

Akameza nyumbani, baada ya adhuhuri. Kabla jua halijatua alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Nilipopigiwa simu nilikuwa nikila nyama ya ngamia na kucheka na wenzangu. Njia nzima ya kurudi kutoka Wajir niliuma leso nisipige mayowe ndani ya gari la watu.

Pale msibani kila aliyeingia alinong'ona kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo imenichosha. Inamlaumu mgonjwa peke yake, wala haimuulizi aliyemfundisha kuficha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiye niliyekuwa kata. Ingetosha mstari mmoja kwenye faili la Fatuma: asipewe penisilini. Kompyuta haihitaji kujua alivimba akiwa wapi wala aliitwa nani siku hiyo. Ningeuandika wakati wowote bila kuvunja kiapo, na wewe ungeuona mstari mwekundu ukarudisha zile kapsuli kwa daktari. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si wewe.

Sasa nasaha, uzichukue au uziache. Usishindane na mashine kukumbuka, itakushinda, nami ilinishinda. Kuhesabu vidonge na kusoma mwandiko wa daktari si kazi yako tena, na usizililie. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi: kupata lile ambalo mtu hakuthubutu kuiambia mashine. Ukiona faili la mtu mzima limekaa jeupe, ogopa. Hakuna mtu wa huku aliyefika umri ule bila kuugua. Huenda aliugua kambini, au porini, au kwa jina ambalo hataki ulisikie. Usimtangulizie jibu. Usimwambie kioo kinasema nini kisha umuulize kama ni sawa. Muulize, "Dawa gani iliwahi kukutesa?" kisha funga mdomo ungoje, hata foleni ikikutukana. Na asiyeweza kusema dirishani, mlete humu ndani, umpe hiki kiti, wewe ukae juu ya boksi kama ulivyokaa sasa. Mwambie unatafuta habari za dawa, si za jina. Akikwambia, andika dawa. Jina liache palepale alipoliweka.

Hiki chumba ninakiacha kwako. Mwisho wa mwezi huu nastaafu, na nimeomba wakupe wewe. Kama bado unataka kurudi Mwingi, rudi, sitakuzuia, lakini kuna mgonjwa mmoja umhudumie kwanza.

Fatuma ameacha binti, Ifrah. Ana kifafa tangu utotoni. Alizaliwa Ifo, dawa zake ni za Ifo, na huko anaitwa mtoto wa Sahra. Sasa Sahra hayuko, Hawo aliyekuwa akimchukulia dawa amezeeka, na vidonge alivyonavyo vimekaribia kwisha. Hapa kwetu faili lake ni jeupe kama lilivyokuwa la mama yake. Ningeweza kuendelea kumbebea siri yake kichwani. Mara hii sitaki.

Yuko nje kwenye benchi. Nimemwambia wewe ni nani. Akaniuliza kama huwa unapiga kelele. Nikamwambia hapana, ni kijana mpole.

Basi Mungu wako na wangu akupe sikio linalovumilia, mwanangu Mutua, akuondolee ile sauti ya dirishani, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hiki ainuke akiwa mzima. Amina. Futa uso, ukamfungulie mlango.