Mkono wa Mama kwenye Prizi

Mama yangu anachomoa. Radio, friji, pasi, televisheni, hata chaja ya mgeni ambaye bado anaongea na simu yake. Radi ikinguruma tu kule upande wa Kambove, mama ameshainuka, anazunguka nyumba, anachomoa. Na si yeye peke yake. Mji wetu mzima wa Likasi tuko hivyo. Umeme ukikatika, unachomoa. Ukirudi, unangoja kwanza, kwa sababu hapa kwetu umeme haurudi polepole, unarudi na hasira. Aliyesahau friji kwenye prizi ya ukutani ikaungua, atakula nyama yake yote siku ile ile, pamoja na majirani. Mtoto wa Kikula, mtaa wetu, anajua kuchomoa kabla hajajua sala ya Baba Yetu.

Sasa chukua nyumba ya namna hiyo, uweke ndani yake kompyuta isiyotakiwa kuzimwa ghafla. Huo ndio wazimu nilioufanya mimi, na mama akiwa sebuleni.

Sababu ilikuwa diski moja nyeusi, ya kuchomeka pembeni. Ndani yake kulikuwa na video ya jubile ya ndoa ya wazazi wangu. Baba alikuwa karani wa kiwanda, mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari ya kazi anajibu "kazi". Lakini siku ile alisimama mbele ya watu, akavua kofia, akasema kasala. Kasala ni sifa za ukoo, zinasemwa kwa Tshiluba, lugha yetu ya Kasai, jina juu ya jina. Baba alianzia kwa babu yake, aliyetoka Kasai kuja kuchimba shaba, akashuka mtu kwa mtu mpaka akafika kwa mke wake. Hapo alikaa muda mrefu. Mama kwenye video anaficha uso kwa kikwembe, kitenge chake.

Baba amekufa. Picha zetu za zamani zilipotea ile miaka ambayo watu wetu walifukuzwa, wakalala kwenye gare, stesheni, wakingoja treni ya kurudi Kasai. Sisi tulibaki, picha hazikubaki. Basi sauti ya baba ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na kila Jumapili, baada ya misa, mama aliketi kuisikiliza mbele ya televisheni.

Jumapili moja diski ikaanza kulia. Tik. Tik. Tik.

"Baba yako anakohoa," mama akasema.

Alisema kwa kucheka, lakini mimi niliijua ile sauti. Kazi yangu ni kuchapa: niko na kibanda Kikula, fotokopi, barua za maombi, mémoires, tasnifu za wanafunzi. Diski inayolia hivyo nimeiona mara nyingi. Wanafunzi wanaileta, wanalia pamoja nayo. Inawaka leo, inawaka kesho, halafu siku moja haiwaki, na hakuna sala inayosaidia.

Mtu ataniuliza: kwa nini hukuihamisha palepale kwenye kompyuta ya kibanda? Ile? Ile imejaa virusi vya flash za Likasi nzima. Nimeona faili zikigeuka majina ya ajabu mbele ya macho yangu. Nisingemtoa baba kwenye diski mbovu nikamlaze kwenye hospitali yenye kipindupindu. Na diski ile ilikuwa imebakiza safari moja, labda. Nilitaka safari hiyo iishie nyumbani kwake kwa kudumu.

Nyumba hiyo nikaipata: kompyuta ya zamani ya mezani, chuma kizito, nikaitia diski mbili mpya ili kila kitu kiandikwe mara mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Nikaiweka sebuleni, nyuma ya kiti cha mama. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mfumo wa kuiendesha. Hapo ndipo usingizi uliponihama.

Nilijua nataka mfumo huria, ile mifumo ambayo walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu aichukue bila kuiba, afungue aone ndani. Lakini hiyo mifumo ni mingi kama makanisa ya Kikula, na kila mmoja una wachungaji wake wanaokuapia kwamba wengine watakupeleka motoni. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Huyu anasema huu, ule utakupotezea kila kitu. Yule anasema ule, huu ndio utakupotezea kila kitu. Neno lililobaki kichwani lilikuwa lile la mwisho, kupoteza kila kitu.

Nikampigia yaya, kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi ya kompyuta Lubumbashi.

"Mudogo, chukua ile ya ukoo wa BSD, ile ya mapicha," akasema. "Iko muzuri sana. Unabonyeza tu."

"Na courant ikikatika?"

"Unaweka onduleur, ile ya kushika courant na betri."

"Yaya, onduleur yangu betri ilikufa zamani. Inalia piii, inazima mbele ya masini yenyewe."

"Donc?"

"Donc mama atatosha prizi, ataichomoa. Unamujua."

Akacheka mpaka akakohoa. "Aa, mudogo, unasumbuka bure. Mchagua jembe si mkulima!"

Methali hiyo ilinikera. Ni rahisi kusema ukiwa mbali na shamba. Mkulima akikosea jembe, analima tena kesho. Mimi nikikosea, baba hasemi tena. Niliogopa, nasema wazi: niliogopa kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu avuke naye mto.

Ndipo nikapata wazo, pengine ndilo wazo pekee zuri la mwaka ule. Kama adui wa mashine hii ni mkono wa mama, basi mkono wa mama ndio uchague. Nikaweka mfumo wa yaya, nikatia ndani nyimbo za kwaya ya parokia, vitu visivyo na hasara, na zikiwa bado zinaingia nikamwita.

"Mama, kuya utoshe prizi."

"Nitoshe? Mvua haiko."

"Tosha tu."

Akanitazama kama mtu anayeona malaria inaanza. Akafuta mikono kwenye kikwembe, akachomoa. Tukangoja, akarudisha. Mfumo wa yaya ulikuwa mzuri kweli, rangi zake, michoro yake. Lakini ulikuwa mkubwa kuliko kile chuma changu. Ulichukua muda kuamka kama mzee aliyelala na njaa. Mara ya kwanza uliamka. Mara nyingine ukasimama kwenye kioo cheusi, ukaniuliza maswali ambayo sikuyajua, na nyimbo zikawa hazionekani. Sikusema mfumo ni mbaya. Nilisema haukuumbwa kwa mashine hii, wala kwa mama huyu.

"Huyu ameshindwa," mama akasema, akaenda zake jikoni. Na mimi nikaona anaanza kuupenda mchezo.

Wa pili ulikuwa mwepesi, unakaa kwenye flash. Mama akachomoa, tukarudisha, ukaamka haraka haraka na umesahau karibu yote niliyouagiza. Mama akauita mulevi.

Wa tatu ulikuwa Linux ya kawaida, mtupu, bila picha, maandishi tu. Diski nikazipanga kwa namna moja niliyoisoma: haifuti cha zamani mpaka kipya kimeandikwa chote, kama mama mwenye busara asiyetupa sufuria kuukuu kabla mpya haijakaa motoni. Nikaiamuru pia mashine iamke yenyewe prizi ikirudi. Mama akachomoa. Ikaamka, haikuuliza kitu. Akachomoa tena, katikati ya kuandika. Ikaamka, nyimbo zilizokwisha kuingia zikawepo zote, ule uliokuwa njiani ukawepo mpaka pale ulipofika. Kwa siku nyingi mama alikuwa akipita anachomoa tu, hata sijamwita, kwa kuikomoa.

"Ile inakubali mukono yangu," akasema mwishowe. "Tuchukue ile."

Tukaichukua.

Jumamosi nikaamua kumhamisha baba. Asubuhi jua lilikuwa jeupe. Diski nyeusi iligoma kwanza; nikailaza ubavu, nikaiombea, ikazunguka. Video ikaanza kuhama. Kwenye kioo mstari mmoja ulikuwa unasogea, polepole jamani, polepole, na kila tik nilikuwa naihesabu. Sikula. Nilikuwa nimeinama pale kama mtu anayepuliza moto wa majani mabichi.

Mchana radi ikanguruma Kambove.

Nikamsikia mama nyuma yangu. Radio. Friji. Televisheni. Hatua zake zikaja, na mkono wake ukashuka mpaka kwenye prizi ya mashine.

"Mama, hapana!"

"Radi itachoma byote."

"Ukitosha, ile diski ya zamani haitawaka tena! Itakufa!"

"Na nikiacha, radi itamuunguza palepale. Ya zamani na ya mupya, yote!"

Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki. Radi ya pili ikapiga karibu zaidi, madirisha yakatetemeka.

"Amefika wapi?" mama akauliza. Hakusema video. Alisema amefika.

"Amepita nusu. Amepita mbali."

Mama akauachia ule waya. Akavuta kiti chake, akaketi kando ya mashine, rozari mkono wa kushoto, na ule wa kulia, ule unaochomoa, akaukalia. Kweli kabisa, aliuweka chini ya paja lake akaukalia, midomo inatembea. Maisha yangu yote sijamwona mama akiacha kitu kwenye prizi na radi iko juu ya bati. Tukautazama mstari, wote wawili.

Halafu umeme ukakatika wenyewe, mji mzima. Pa! Kimya. Hata tik ilinyamaza.

Mama akautoa mkono, akachomoa, kama desturi.

Mvua ilipokwisha na umeme kurudi, tukangoja kwanza. Mama mwenyewe ndiye aliyerudisha prizi. Mashine ikaamka, haikuuliza kitu. Diski nyeusi ikasema tik moja, ikanyamaza, na mpaka leo haijasema lingine. Nikaunga waya kwenye televisheni, nikafungua video. Ilikuwepo! Baba akasimama, akavua kofia. Babu yake, shaba, majina, majina. Akamgeukia mama. Kwa Tshiluba akasema: huyu, aliyeshuka treni na chungu mkononi...

Akabaki hapo, mdomo wazi. Video ilikuwa imeishia hapo.

Nililia. Nilitukana umeme, nilitukana mawingu, nilitukana nusu saa niliyopoteza asubuhi nikichana nywele. Baada ya chungu ndipo ilipokuwa sehemu ya mama yote. Mama hakulia. Aliangalia ule mdomo uliosimama.

"Mama, maneno yenye kubakia, unayajua?"

"Najua yote."

Nikachukua simu. "Basi sema. Nitakurekodi, nitaunga."

"Hapana. Mutu hajisifu yeye mwenyewe. Yale ni maneno ya kusemewa."

"Nani atakusemea? Yaya?"

"Yaya yako alikimbiaka kila mara baba akianza."

Akanitazama. Mimi! Mimi ninayeota ndoto kwa Kiswahili cha Likasi, Tshiluba naisikia kama maneno ya majirani nyuma ya ukuta: najua wanagombana, sijui kwa nini. Nikamwambia siwezi, nitaharibu, nitasahau. Mama akavuta kiti, akasema neno la kwanza. Nikalirudia.

"Haiko vile. Rudilia."

Nikarudilia.

Nimerudilia mwezi baada ya mwezi, kibandani mbele ya fotokopi, njiani, jikoni. Hofu niliyokuwa nayo kwa ile diski imehamia kwangu mimi: nikiumwa kichwa tu nawaza, je, likitoka neno? Na kila Jumapili baada ya misa, baba anasema mpaka kwenye chungu, anabaki mdomo wazi, na mimi nasimama, naendelea pale alipoachia. Nikikosea, mama anainua kidole, narudi kwenye treni.

Jumapili iliyopita nilifika mwisho. Kidole hakikuinuka. Nikangoja aseme kitu, hata "haiko mubaya" ingenitosha. Mama akaficha uso kwa kikwembe, kama kwenye video. Halafu akainuka, akaenda kuchomoa televisheni, na nje jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata moja.