Mshono wa Neno la Kinorwei

Twaibah wa Nabuyonga ameshona nguo miaka thelathini, na kwa ubishi hana mpinzani mtaani. Mimi ni jirani yake, sijawahi kumshinda. Mwaka huu ameshindwa na mtoto wa miaka minne.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wake, Safina. Mama yake Safina, Shakira, ni muuguzi huko Norwei na ameolewa hukohuko, na mtoto anajua Kinorwei tu. Kila Jumamosi wakipiga simu ya video, Safina humtazama bibi yake kidogo, haambulii neno, anakimbia. Twaibah hucheka. Simu ikikatwa, analia. Nimemwona.

Basi akamshonea gauni lenye vipepeo, akalituma, akaapa kwamba jina la kipepeo kwa Kinorwei atalitaja mwenyewe. Neno ni sommerfugl. Alilisoma kama ambavyo mimi na wewe tungelisoma: "Somerufugulu," nguvu zote kwenye gu. Safina akakimbia kama kawaida.

Akamwendea Douglas wa Nkoma, mwalimu aliyewahi kusoma Norwei.

"Mama, unakata mbaya," Douglas alimwambia. "Hii ni maneno mbili. Sommer ni kiangazi, fugl ni ndege. Kata hapo katikati tu."

"Kumbe iko na mshono!"

"Iko nayo. Na sisi tunakaza karibu na mwisho. Kama neno mwanafunzi, tunakaza fu. Wao wanakaza mwanzo: som. Hiyo g wanameza."

"Kama hawasemi, waliandika ya nini?"

Wiki nzima cherehani ilikwenda na som, som, som. Mteja mmoja alidhani mama wa watu amelogwa. Mimi nilimcheka waziwazi, na sasa naona haya.

Jumamosi Safina alitokea amevaa gauni. Twaibah akagusa kifua chake mwenyewe, pale ambapo kwenye gauni pana kipepeo, akasema taratibu: "Sommerfugl." Akakaza som, akaacha fugl ifuate.

Mtoto akasimama. Akashika kipepeo kimoja, akalitaja neno. Akashika cha pili, akalitaja tena, kisha maneno yakamtoka mfululizo, dakika nzima. Mimi niliyekaa kando sikuelewa hata moja. Twaibah naye hakuelewa.

Shakira akaingilia: "Mama, anasema kwamba..."

"Wewe nyamaza," Twaibah alimkata. "Haongei na wewe. Anaongea na mimi."