Do Aliyonishushia

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo niliirudia kimoyomoyo tangu siku binti wa mtaa wa Kinanira alipoingia korali yetu ya Bwiza na wimbo wetu ndani ya simu yake. Wimbo wetu, nasema. Ule wa Kilatini wa Jumapili ya Pasaka. Ile sehemu inayopanda peke yake, wengine wote wakinyamaza, niliiimba mimi tangu sijaolewa. Maestro wa korali ni mume wangu, na mwenyewe husema alinioa kwa sababu ya sehemu hiyo.

Binti alieleza kwa adabu kwamba ameupata umeimbwa na korali ya Ulaya, akaunganisha simu na bafle, ile spika yetu kubwa. Loo! Wale watu waliimba polepole utadhani wanasindikiza maiti. Sisi tunauimba kwa makofi na ngoma, kina mama wanatikisa mabega, watoto wa benchi za mbele wanacheza. Wao, huzuni tupu. Nikamnong'oneza rafiki yangu wa siku nyingi, anayeimba alto, kwamba hao bado hawajapata habari kuwa Yesu amefufuka. Akacheka kidogo, si sana.

Mume wangu hakucheka kabisa. Alimwomba binti amtumie ule wimbo, na kuanzia hapo nyumbani kwangu amani ikatoka. Akinyoa ndevu, wimbo. Akila, wimbo. Anagonga diapason kwenye goti, kile chuma chake kidogo cha kutafutia sauti, anakiweka sikioni, anashusha pumzi. Mi najua mwanaume anavyoshusha pumzi akimuwaza mwanamke. Nikamnunia. Chakula nilimpa, maneno apana.

Kwenye mazoezi akampa binti ajaribu ile sehemu yangu. Akaiimba kama ilivyo kwenye simu, mkono mmoja mfukoni, bila hata jasho. Watu wakaanza kusema huyu mtoto ana sauti, mara Pasaka aimbe yeye. Wivu ulinipanda. Nikasema sikubali, fungueni bafle, nitaimba na hao Wazungu wenyewe, tuone.

Sasa, korali yetu haina kinanda. Kwetu do, ile noti ya kuanzia, haina anwani. Maestro anagonga diapason, anavuma kidogo kwa pua, na pale alipovuma ndipo do ilipo. Tunapanga sauti zetu juu yake na hatuulizi imetoka wapi.

Bafle ikafunguliwa. Nikaanza pale nilipozoea kuanzia, nikajikuta niko chini na wao wako juu, tunagombana kama redio mbili kwenye duka moja. Nikapanda kuwafuata. Kumbe na pumzi nayo! Wanavuta neno moja, wanavuta, wanavuta, na mi nimeshaishiwa. Kule juu sauti ikakatika. Nikageuka nikasema simu ya huyu mtoto ni mbovu, inapandisha nyimbo.

Rafiki yangu wa alto akanishika kiwiko.

"Simu ni nzima, dada," akasema taratibu. "Hivi ndivyo tuliimbaga zamani."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nyumbani nilikaa uani na ungo wa ndagala, natoa mchanga, natoa na samaki wazima bila kuona. Akaja akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Nikamuuliza ameanza lini kunishusha. Akasema hakuanza siku moja. Ilikuwa baada ya mtoto wetu wa mwisho, na ule ugonjwa wa kifua ulionilaza. Kila Kwaresima alinisikiliza nikiimba jikoni, akajua sauti yangu inafika wapi, na Pasaka ikija anaiweka do hapo. Pumzi ilipopungua, akauharakisha wimbo. Ulipoharakishwa watu wakaanza kupiga makofi, na makofi yakaleta ngoma. Furaha yetu yote ile ya Pasaka, kumbe ni kifua changu! Na korali nzima ilijua, ikaninyamazia.

Nikamuuliza, basi ule wimbo wa binti, anausikiliza kutwa nzima kwa nini?

"Natafuta namna uuimbe we," akasema. "Do naweza kuishusha, mama. Pumzi siwezi kukuongezea."

Ningefurahi, sindio? Mwanamke gani wa Bwiza amependwa hivyo, miaka yote hiyo, bila kuambiwa? Apana. Wivu ndio kwanza ukapata chakula. Huyu binti hatashushiwa kitu, wala hakuna mtu atakayemsikiliza jikoni kwanza. Nikajipeleka alto mwenyewe kabla sijapelekwa, nikamwambia mume wangu mtoto aimbe, na polepole kama wanavyotaka.

Jumapili ya Pasaka nikasimama karibu na rafiki yangu, nguo nimepiga pasi vizuri, uso nimeufunga. Mume wangu akagonga diapason na kuvuma, na do ikatua juu, mahali nilipokuwa nimeshapasahau. Hakuna makofi. Ngoma ilikuwa imeachwa kwenye stoo. Tukaimba, kisha tukanyamaza, na binti akaanza kupanda. Sikumsikiliza. Nilimwangalia mume wangu.

Mimi nikipanda, yule bwana hunikodolea macho, vidole vimetangulia hewani kunipokea, midomo inapumua pamoja na mimi. Nilizoea kuwaonyesha wenzangu, nikiringa, oneni nanyi mnavyopaswa kutazamwa. Lakini binti alipofika pale juu kabisa, mume wangu aliteremsha mikono, akafumba macho, akasikiliza.

Kwangu hakuwahi kufumba macho. Aliogopa nitaanguka. Ni mapenzi, sikatai, na atakayeniambia siyo nitagombana naye. Lakini Mungu anisamehe, siku ile ningeyatoa yote, ili nisikilizwe vile mara moja tu.