Mpini wa Mkono wa Badr

Kaka yangu Marhoon hachongi mpini mpaka mwenye kuutaka afumbate nta kwanza. Ukimwendea pale Wadi Kabir, hapa Maskati, nyuma ya gereji ya kupaka rangi magari, atakupa donge la nta ya nyuki lililolainishwa juani, atakwambia fumbata, usikaze, shika kama unavyoshika kitu chako. Ukifumbua, donge limebaki na mabonde ya vidole vyako, na mpini huuchonga kwa kufuata mabonde hayo. Wavuvi wa Sidab wanaomletea visu vyao wameshamzoea. Mgeni akisema nichongee tu wa kawaida, Marhoon humrudishia kisu chake na kumwelekeza madukani Hamriya. Mie nimemwambia mara chungu nzima kiburi hicho kitamlaza na njaa, naye hunijibu kwamba mkono wa kawaida haujaumbwa.

Nta za watu huziyeyusha kazi ikisha. Isipokuwa moja. Ile ya mwanawe Badr, aliyoifumbata asubuhi ya kuondoka kwenda kusoma Kanada, imo ndani ya friji yangu mpaka leo, kwenye bakuli lililokuwa la halua, maana joto la Maskati halina huruma na nta. Badr nimemlea mie shangazi yake tangu mamake alipofariki, na friji ni yangu, lakini bakuli lile sina ruhusa hata ya kulisogeza.

Badr alikuwa na mkono, jamani. Akishika patasi, babake aliacha kazi yake akamwangalia. Shauri lilikuwa limeshakatwa: akimaliza masomo atarudi, waendeshe karakana pamoja. Akamaliza, akapata kazi huko huko, na juu ya kazi akapata mapenzi ya kuvua kwenye ziwa lililoganda. Siku aliyonionyesha kwa simu nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima na akili zake kaketi juu ya ndoo, katoboa barafu, kateremsha mshipi shimoni kwa kifimbo kifupi utadhani cha kufukuzia paka. Vifimbo hivyo huviunda mwenyewe kwa vipande vya fimbo za kuvulia zilizovunjika. Mipini akamwagizia babake. Marhoon hakucheka. Alikuja kuitoa nta kwenye friji siku ile ile.

Mwaka juzi baridi ikamla vidole. Barafu ilimeguka alipokuwa anakusanya vitu vyake, mkono wa kulia ukazama, glavu ikarowa, na hospitali ilikuwa mbali. Kidole cha mwisho na cha pete wakavikata. Aliniambia mie peke yangu, akanililia nisimwambie babake. Kwenye simu akawa anaonyesha uso tu.

Tangu hapo kila mpini uliotoka Wadi Kabir haukumkaa, kwa sababu ulikuwa wa mkono wenye vidole vyote. Akawa anamwambia babake kwa kuzungukazunguka: unateleza, baba, ujaze huku chini, mabonde mawili yanatosha. Marhoon akafikiri tatizo ni glavu. Nani Maskati aliyewahi kushika mpini na glavu? Akayapanua mabonde yote manne, akapeleka mwengine. Ukateleza vile vile. Akaanza kusema amekwisha, hajui tena kuchonga, na chakula nikimpakulia hali.

Mie sina moyo huo wa kukaa nikaangalia. Nilimpigia Badr nikamtolea uvivu: unamuua babako kwa mipini, njoo nyumbani akuone.

"Ntakuja, shangazi," akasema. "Akinichongea mpini wa mkono huu nlio nao, ntakuja Idi hii. Lakini aujue kwanza. Sitaki kuwa mbele yake akiuona."

Akafumbata nta huko huko, akampa Shurooq, binti wa jirani yangu anayesoma mji ule, aliyekuwa anakuja likizo. Nilimpokea uwanja wa ndege mwenyewe. Joto lilikuwa limeshaingia, kitu ukikisahau garini kinapikika. Nilikwenda na kisanduku cha barafu, nikaitia nta humo, nikaipakata njia nzima.

Marhoon alikuwa peke yake karakanani. Simu niliiweka juu ya meza yake ya kazi, nikamwambia Badr yuko pale anasikiliza, na nta iliyomo kisandukuni ni ya mkono wake. Akalitoa donge, akatia vidole vyake mwenyewe. Cha shahada kikapata pake, cha kati kikapata pake, viwili vilivyobaki vikawa juu ya nta tupu. Akaligeuza. Akatazama ndani ya kisanduku, labda kuna kipande kimemeguka. Wallahi nilimwona anafahamu.

"Imeyeyuka garini," akasema.

"Haikuyeyuka, kaka. Nimeipakata kwenye barafu."

"Joto hili. Imeyeyuka tu."

Nikamwambia yote: ziwa, glavu, hospitali, vidole viwili. Nikamwambia mtoto hataki kitu ila mpini wa mkono huo, na akiupata anarudi. Alitoka na donge akaliweka juu ya bati lililopigwa na jua, akalisimamia mpaka likalainika, akarudi kukaa. Kisha vidole vyake viwili vya mwisho akavididimiza pale palipokuwa patupu, taratibu, kama anayetia dawa kwenye kidonda, akavishikilia hapo mpaka nta ikashika.

Akanionyesha. Mabonde manne.

Nilitaka kumpiga. Haki ya Mungu nilitaka kumpiga, na huku machozi yamemfika kidevuni. Badr akawa anauliza kwenye simu, shangazi, mbona kimya, anafanya nini? Mie kusema uongo sijui, na siku ile natamani ningejua.

"Anakurudishia vidole, mwanangu," nikamwambia.

Badr akaikata simu.

Mpini alioufuatisha nta ile ulikuwa wa mti wa mkunazi, na katika yote aliyochonga maishani mwake sijauona mzuri kama ule. Siku ya Idi Marhoon alikuja kwangu asubuhi kavaa kanzu mpya na kilemba, mpini kaufunga kitambaa kapakata. Alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Nilimwandalia mshikaki hakuugusa. Wageni walikuja wakaondoka, yeye akinyanyuka kila kengele ikilia. Baada ya magharibi akaniuliza kama Badr kasema lolote. Nikamjibu hakusema, na hatokuja, na sababu anaijua.

Akaufungua mpini, akaushika kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye yale mabonde mawili ya mwisho.

"Labda hautomkaa vizuri," akasema. "Ntamchongea mwengine." Akanyanyuka akaenda kwenye friji, akalitoa lile bakuli la nta ya zamani.