Namba Zilipogeuka Samaki

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Mkolani. Wakati nasubiri kazi, nikaanza kuubadili ule mchezo wa simu wa kuunganisha namba zinazofanana. Badala ya namba niliweka samaki wa ziwani: dagaa wawili wanakuwa furu, furu wawili sato, sato wawili sangara. Siku moja kampuni fulani ilitaka niitumie mchezo wangu kabla ya jioni, nami niliogopa kwamba hakuna atakayeuelewa. Niliandika kwenye daftari maelezo marefu ya namna ya kuucheza, nikayafuta, nikayaandika tena.

Mwishowe nilimpa simu mama, aliyekuwa anachambua dagaa wa mboga, bila kumweleza chochote. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"Kumbe furu kawala wote wawili!"

"Hapana mama, wameungana."

"Dagaa waungane wawe furu? Acha utani. Wameliwa hao."

Nilitaka kubisha, nikaona hana haja ya kuelekezwa. Alishaanza kuwasogeza sato. Nikafuta maelezo yote, nikaandika sentensi moja: mkubwa huwala wadogo. Kisha nikaomba simu yangu nitume mchezo kabla hofu haijarudi.

"Subiri kwanza," alisema bila kuinua macho. "Sangara wangu hajashiba."