Filta ya Gari-Nyumba Kule Mhezi

Juzi nilipanda Mhezi, kijijini kwetu milimani. Niliposhuka kwenye pikipiki pale kona ya chini ya nyumba ya bibi, harufu ya dizeli iliyomwagika barabarani ikanijaa puani. Weee! Rafiki yangu, nilisahau hata kuvua helmeti. Nikajikuta nina miaka tisa tena, naruka huku na huku kati ya watu wawili waliochukiana.

Watu hao ni baba yangu na baba mdogo. Wote mafundi magari, baba kijijini, mdogo wake Same mjini. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka mitatu, tangu baba mdogo alipofungulia shamba lake maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, siku ambayo zamu ilikuwa ya baba. Tangawizi ya baba ikakauka yote. Kwetu mtu atakusamehe mengi, lakini zamu yake ya maji usiiguse.

Basi siku moja, nikiwa na hiyo miaka tisa, gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye kitanda na jiko ndani, likazimika pale kona likiwa na mzee mmoja mgeni na mkewe. Baba akalikagua, akasema filta ya dizeli imeziba. Bibi, bila kumwambia baba, akampigia simu baba mdogo alete filta mpya. Kisha akabandika makande. Alininong'oneza kuwa leo wanawe watakula sinia moja, nami nikaamini kabisa. Mimi ni mtu wa kuamini. Baba mdogo akafika na pikipiki, filta mkononi, akaona miguu ya baba chini ya gari.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Huyo naye anafanya nini hapa?"

"Mwambie niko kwetu," baba alinijibu mimi kutoka chini ya gari. "Aache filta, aondoke."

Kuondoka hakukuwezekana. Aliyebuni gari lile sijui alikuwa na ugomvi na mafundi wa wapi. Filta ilijibana nyuma ya injini. Ukitaka kuifikia, mmoja alale chini ya gari, mwingine apige magoti kati ya viti vya mbele na kuzamisha mkono kwenye tundu hadi begani. Ile ya zamani waliitoa kwa kusonyana tu, dizeli ikimtiririkia baba kwapani. Mpya ikakaa. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli: wa juu anasukuma pampu ndogo ya mkono, wa chini analegeza nati upepo utoke, kisha anakaza. Hapo lazima msemeshane.

Wao wakanituma mimi. Na jenereta ya friji ya wageni ilikuwa inanguruma, kwa hiyo nilikuwa nainama chini nasikiliza, kisha napanda mlangoni nasema.

"Mwambie huyo mwizi wa maji asukume."

"Baba mdogo, baba anaomba usukume."

"Mwambie huyo mnunaji afungue nati, asilale huko."

"Baba, baba mdogo anasema pole na vumbi, fungua nati."

Baba akanitazama. "Amesema pole?"

"Ndiyo."

Spana yake ikatulia kidogo. "Mwambie aangalie kidole. Hicho kibati kinakata."

Hilo sikulitunga mimi! Lilitoka kwa baba mwenyewe. Makande nayo yalikuwa yananukia hadi barabarani. Furaha ikanipanda kichwani, nikakimbilia mlangoni: "Baba anasema uangalie kidole. Na anasema yale ya maji yameisha."

Pampu ikasimama. Baba mdogo akainamisha kichwa kwenye tundu, akaita kwa sauti nisiyoijua: "Kaka? Kweli yameisha?"

"Nani kasema?" baba alifoka. "Yataishaje, hujaja hata kuniomba radhi? Unamtuma mtoto aniletee pole!"

"Pole? Nikupe pole wewe?"

Kisha wakanigeukia wote wawili, mmoja juu, mmoja chini.

Nati ikakazwa kwa hasira. Injini ikakohoa, ikawaka. Wageni wakapiga makofi peke yao. Baba mdogo akapanda pikipiki na mikono yake myeusi, baba akashika njia ya shambani. Bibi akabaki mlangoni kwake na sinia, akiwafokea migongoni: "Msiowajua mmewatengenezea, mimi mama yenu mnaniachia makande! Nendeni!"

Mimi hakunigombeza. Alinikalisha, akanipakulia, nikala huku nalia. "Ungemwacha baba yako aseme mwenyewe," alisema. "Alikuwa ameshafika kwenye kidole."

Leo bibi hayupo, nyumba ina kufuli. Ndiva imejaa tope, maana baba na baba mdogo kila mmoja ana watu wake, na watu hao hawakanyagi msaragambo mmoja, ile kazi ya pamoja ya kuizibua. Tangawizi za wote wawili zimekauka. Nawakasirikia, halafu nawapenda, halafu nawakasirikia tena. Lakini ninachokikosa zaidi ni lile neno "kaka". Nimelisikia kinywani mwa baba mdogo mara moja tu, na mimi ndiye niliyemfanya alijutie.